TAHARIRI: KURA YAKO IWE PALE UNAPOLALA



Barua nyingi zinazotufikia kutoka matawini hazihusu mshahara. Zinahusu mfereji usiotoa maji, na taa za njiani zisizowaka, hata mama anayetoka zamu ya usiku hutembea gizani akishika roho mkononi. Zinahusu zahanati yenye foleni ndefu na dawa chache. Zinahusu soko lisilo na paa, ambapo mke wa mwanachama wetu huuza mboga juani na mvuani, na kila asubuhi hutozwa ushuru. Wanachama wanauliza: Chama kitafanya nini?

Jibu letu ni la wazi. Mambo haya hayamo katika mapatano yetu na waajiri. Hata tukikaa mezani na tajiri mwaka mzima, hawezi kututengenezea soko wala kuleta dawa zahanatini. Hizo ni kazi za serikali ya kaunti. Mwenye kuisimamia kaunti kwa niaba yako ni mtu mmoja unayempigia kura katika wadi yako, nao wengi hawamjui hata jina. Kwa hiyo twataka kusema nanyi juu ya kura hiyo, na hasa juu ya mahali ilipo.

KAZI YA KAUNTI NI IPI?

Katiba ya mwaka wa 2010 ilianzisha kaunti 47, na wawakilishi wa kwanza wa kaunti hizo walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013 baada ya kumalizika kwa mabaraza ya zamani.  Kaunti zimekabidhiwa zahanati na hospitali za kaunti, masoko, leseni za biashara, barabara za mitaa, taa za njiani, maji na mifereji ya maji machafu, uzoaji wa takataka, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mtazame mfanyakazi tangu alfajiri mpaka usiku, nawe utaona kwamba nusu ya taabu zake zimo katika orodha hiyo.

Fedha za kazi hizo zatoka wapi? Katiba yasema kwamba kaunti zote pamoja zipate si chini ya 15 kwa mia ya mapato ya serikali ya taifa. Tena kaunti hutoza kodi za majumba na ada za soko, leseni na maegesho. Makadirio ya fedha hizo, na sheria ya kupanga ada, hupitishwa na Bunge la Kaunti. Anayeinua mkono humo ndiye mwakilishi wa wadi yako. Yeye ndiye huamua kama ushuru wa mama mboga utapanda au utashuka. Yeye ndiye mwenye haki ya kumwuliza gavana zilikokwenda fedha za soko.

KURA MOJA INA UZITO GANI?

Wengine husema, "Kura yangu moja ni tone baharini." Na tufanye hesabu. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022 walioandikishwa nchi nzima walikuwa 22,120,458, na wadi ni 1,450. Ukigawanya, kila wadi ina wapigaji kura kama 15,000 hivi. Waliofika kupiga kura walikuwa karibu 65 kwa mia, yaani yapata elfu kumi kwa wadi moja. Kura hizo zikigawanywa kwa wagombea watano au sita, mshindi aweza kupita akiwa na elfu tatu au nne.

Sasa lifikirie tawi lenye wanachama 400 wanaokaa katika wadi moja. Kila mmoja akiwa na mtu mzima mwingine nyumbani, hao ni watu 800. Hakuna mgombea mwenye akili atakayewapuuza watu 800. Lakini watu hao 800 wakiwa wameandikishwa katika wadi mia mbalimbali za mbali, mgombea huyo hana haja nao. Atawapita njiani bila salamu, na hatakuwa amekosa hesabu.

WALIOTUTANGULIA WALIITAFUTA KURA HII

Mwezi wa Machi 1950, Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji, muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, ulioongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, uliwaambia wafanyakazi wasishiriki sherehe zile. Jiji lilikuwa limejengwa kwa jasho la watu ambao hawakuwa na sauti ya kuliendesha. Mwezi wa Mei mwaka ule viongozi hao wawili walikamatwa, na wafanyakazi wakagoma. Makhan Singh alizuiliwa mpaka mwaka wa 1961.

Mwaka wa 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, kura zile zilitolewa kwa kipimo cha elimu, mapato, mali na mengine ya namna hiyo. Mtu mmoja aliweza kupata kura tatu na jirani yake asipate hata moja. Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishinda kiti cha Nairobi katika uchaguzi huo. Madai ya wafanyakazi yalikuwa kila mtu apate kura moja, na mwezi wa Mei 1963 watu wazima wote walipiga kura bila kupimwa elimu wala mali. Basi kura ambayo wazee wetu waliikosa, na wengine wakafungwa kwa kuidai, leo imelala katika daftari la mahali ambapo mwenyewe hafiki.

UMEANDIKISHWA WAPI?

Hapa ndipo penye shina la jambo. Wanachama wengi waliandikishwa nyumbani walikozaliwa, au katika mtaa waliokaa miaka kumi iliyopita. Tangu hapo wamehama mara mbili tatu wakifuata kazi na kodi ya nyumba. Siku ya uchaguzi huwa na mambo mawili: ama wapande basi kwa nauli kubwa, ama wakae nyumbani na kura ipotee. Na hata wakisafiri, humchagua mwakilishi wa wadi wanayoiona wakati wa Krismasi tu, huku wadi wanayoishi siku zote ikichaguliwa na wengine.

Hatusemi kwamba kila mtu aache kwao. Yuko mwanachama ambaye mke, watoto na shamba viko nyumbani, naye kila mwezi huenda huko. Huyo akiiacha kura yake kule ana sababu njema. Lakini kila mmoja ajiulize: Maji ninayokunywa ni ya wadi gani? Mtoto wangu akiugua usiku, napeleka zahanati ipi? Ada za soko twalipa wapi? Palipo na majibu hayo, hapo ndipo panapostahili kura yako. Ujue pia kwamba ukihamisha, umehama pamoja na kura yako ya mbunge, gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake. Kura ya rais peke yake ni ile ile popote ulipo. Amua ukiwa unajua.

JINSI YA KUJIANDIKISHA NA KUHAMISHA

Aliye raia wa Kenya, ametimiza miaka 18 na ana kitambulisho cha taifa au pasipoti iliyo hai aweza kuandikishwa. Karatasi ya kungojea kitambulisho haitoshi, kwa hiyo vijana walioingia kazini juzi waanze na kitambulisho.

Nenda mwenyewe katika ofisi ya Tume ya Uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako. Hakuna awezaye kukuandikishia, kwa sababu huchukuliwa picha na alama za vidole vyako. Hakuna malipo, mtu akikudai hata shilingi kumi, mkatalie na umtaje kwa Tume. Nyakati nyingine Tume hupeleka makarani mpaka wadini, na hapo ni karibu zaidi.

Kama umekwisha kuandikishwa zamani, usijiandikishe tena. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la sheria. Aliyehama makao huomba kuhamishiwa, katika ofisi ya Tume ya kule anakokaa sasa, naye hupeleka kitambulisho alichoandikishwa nacho. Sheria ya uchaguzi yataka ombi hilo lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Hata daftari la wapya hufungwa kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Baada ya ule wa tarehe 9 Agosti 2022, unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Hesabu siku 90 kurudi nyuma, nawe utaona kwamba mlango wa kuhamisha hufungwa mwezi wa Mei. Mwenye kungoja kampeni zipambe moto atakuta umefungwa.

Wakati Tume inapofungua daftari likaguliwe, nenda ukakague. Tazama jina, namba ya kitambulisho na kituo. Herufi moja iliyokosewa husahihishwa kwa urahisi siku hiyo, lakini siku ya kura huleta ubishi mlangoni.

SIKU YENYEWE

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekwisha kupanga foleni saa kumi na moja ikifika ana haki ya kupiga kura, asikubali kufukuzwa. Chukua kitambulisho ulichoandikishwa nacho. Utawekwa kidole katika mashine ikutambue, kisha utapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kila moja ina rangi yake, na sanduku lake lina rangi hiyo hiyo.

Tia alama moja tu kwa mtu mmoja katika kila karatasi. Usiandike jina lako wala maneno mengine, kwani karatasi itaharibika. Tena usichoke ukifika karatasi ya wadi. Wako watu ambao hutia alama ya rais kwa uangalifu mkubwa, kisha ile ya wadi huitia kwa kubahatisha. Karatasi hiyo ndiyo ya maji yako na soko lako. Asiyeweza kusoma au kuona ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini.

Kura ni siri. Mwaka wa 1988 wagombea wa KANU waliteuliwa kwa mlolongo, watu wakisimama nyuma ya mtu wao hadharani, na kila mkubwa akiona nani amesimama wapi. Siku hizo zimepita. Msimamizi wa kazi, mwenye nyumba au jirani hawezi kujua ulichotia sandukuni usipomwambia mwenyewe.

Na yule anayekuja na unga na noti ya shilingi mia mbili? Kutoa na kupokea hongo ya kura yote ni makosa ya sheria. Lakini hata tukiacha sheria, gawanya shilingi mia mbili kwa miaka mitano: ni shilingi arobaini kwa mwaka. Hakuna mwanachama wetu ambaye angekubali nyongeza ya mshahara ya namna hiyo. Mbona akubali kwa kura?

KAZI YA MATAWI

Chama chetu hakina mgombea, wala hakitawaambia mchague nani. Humu mna watu wa vyama vingi vya siasa, na kadi ya Chama chetu ni moja. Lakini twawaomba makatibu wa matawi wafanye mambo matatu. Kwanza, kila tawi liandike wanachama wake wanakaa wadi zipi, na wangapi wameandikishwa huko. Pili, makatibu waende kwa waajiri mapema wapange zamu, ili walinzi, wauguzi, watu wa hoteli na wa bandarini wapate nafasi ya kupiga kura, kwa maana kazi zao hazisimami hata siku ya mapumziko. Tatu, wagombea wa wadi waitwe mbele ya wafanyakazi waulizwe juu ya maji, soko na zahanati, na majibu yao yaandikwe katika kitabu cha tawi. Mshindi atakapokaa kitini mwaka mmoja, kitabu hicho kifunguliwe mbele yake.

Ndugu, mapatano yasiyotiwa sahihi hayamfungi tajiri, hata yakiwa mazuri namna gani. Kura isiyopigwa ni vivyo hivyo. Aliye na kitambulisho mfukoni na siku moja ya mapumziko wiki hii, aende ofisi ya Tume. Na asiende peke yake. Amchukue na jirani.

Umoja ni nguvu.