Msimamizi Asiyejua Mvua

Na Bin Jembe

Utafiti wa mabadiliko ya tabianchi, yaani mabadiliko ya muda mrefu katika mwenendo wa mvua na joto, ambao wanasayansi huupima kwa kulinganisha vipindi vya miaka 30, hauwezi kusimamiwa na mtu asiyejua mvua hunyesha lini mahali anapotafitia mwanafunzi wake. Jambo hilo lilipaswa kuwa wazi kiasi cha kutohitaji safu nzima ya gazeti, lakini yaliyoshuhudiwa wiki hii katika ukumbi wa semina wa chuo kikuu kimoja, ambacho jina lake linahifadhiwa kwa heshima ya wanafunzi wake, yanaonyesha kwamba bado halijawaingia wale wanaolipwa ili walijue.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alikuwa akiwasilisha tasnifu yake kuhusu kilimo hifadhi katika vijiji vya Mvomero, mkoani Morogoro. Kilimo hifadhi ni mfumo unaosimama juu ya mambo matatu: udongo kutotifuliwa ila pale mbegu inapoingia, shamba kufunikwa kwa masalia ya mazao ili unyevu usipotee, na mazao kupokezana kwa mzunguko, hasa nafaka na jamii ya mikunde. Binti huyo alifika vijijini mwezi Agosti, akagawa madodoso, na wakulima walipoulizwa kama hufunika udongo, wengi wao wakatia alama penye “nakubali kabisa”. Agosti ni kiangazi. Mahindi ya masika yameshavunwa, na mabua yanayopaswa kuufunika udongo yamo matumboni mwa ng’ombe walioachiwa mashambani baada ya mavuno, au yameshachomwa moto. Kama masalia ni haki ya udongo au ni chakula cha mifugo, hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika kilimo hifadhi, na katika wilaya ambayo wakulima na wafugaji wamegombana hadi damu kumwagika, halikupaswa kumpita mtu. Liliwapita wajumbe wote wa jopo la watahini.

Kwa zaidi ya saa nzima jopo hilo lilijadili upana wa pambizo. Mtahini mmoja alitaka marejeo yapangwe upya, mwingine alisaka nukta mkato zilizopotea, na msimamizi mwenyewe, wa aina ile ambayo wasomaji wa safu hii wameizoea kwa jina la Dokta Mishale, alitetea kwa jazba kiunzi cha dhana, yaani ule mchoro wa visanduku na mishale unaodai kuonyesha kipi husababisha kipi. Wasomaji wa tangu zamani watauliza kama mishale ilikuwa ya pande mbili. Ilikuwa ya pande mbili.

Kilichoudhi zaidi kilikuja mwishoni. Katika sura ya nne binti huyo aliweka jedwali la tarehe za kupanda, alilolinakili kutoka kwenye daftari la mkulima mmoja ambaye kwa misimu mingi ameandika siku mvua ya kupandia ilipofika na siku aliporudia kupanda baada ya miche kukauka. Kurudia kupanda ni hasara ambayo jumla ya mvua ya mwaka haiionyeshi, kwa kuwa mwaka unaweza kutoa milimita zilezile za kawaida na bado ukamnyima mkulima mavuno, iwapo mvua itaanza, ikakatika kwa majuma kadhaa, kisha ikamwagika yote kwa mkupuo. Ukurasa wa jedwali hilo ndio pekee, katika tasnifu nzima, uliokuwa na tabianchi ndani yake. Jopo liliagiza uhamishiwe kwenye viambatisho kwa kuwa “hauna chanzo”, naye Dokta Mishale akaitikia kwa kichwa huku akiupekua ukurasa wenyewe kwa namna ya mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

Utetezi wa wasimamizi unajulikana: wanafunzi ni wengi, vibali hukwama kati ya halmashauri na mtendaji wa kijiji hadi masika yakapita, na fedha za mafuta ya gari hazipo. Lakini gari hupatikana kila panapotokea warsha ya kilimo himilivu yenye posho, na kiini cha tatizo ni kwamba cheo cha mhadhiri hupandishwa na makala zilizochapishwa, wala matope ya viatuni hayana alama. Ilhali maarifa yamo katika matope hayo: mashimo ya ngoro ya Wamatengo wa Mbinga, ambamo nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba na kufukiwa ili mteremko usimomonyoke, hayajafahamika kwa dodoso la kiangazi. Yanafahamika kwa kusimama shambani wakati yanapochimbwa.

Vyuo vinavyofundisha kilimo endelevu havina budi kupanga kazi za uwandani kwa kufuata masika na vuli badala ya ratiba ya mitihani, na kumzuia msimamizi asitie saini tasnifu ya shamba ambalo hajalikanyaga. Binti naye asilifute jedwali lake: atakapohitimu na kuandika makala, alirudishe mahali pake, amtaje mwenye daftari kwa ridhaa yake, na Dokta Mishale, atakapopiga simu kuuliza jina lake litakuwa la ngapi miongoni mwa waandishi, aelezwe kwamba limo kwenye viambatisho.