Jetoni si jina: imani na heshima ya mtu aliyekimbia vita

Kashuga, wilayani Masisi – Mtu anapofika kambini haulizwi kwanza alikuwa akifanya kazi gani kijijini kwake. Anaulizwa ametoka wapi, ana watoto wangapi, na kama jina lake limeandikwa kwenye listi. Kuanzia siku hiyo mwalimu, fundi seremala, mfugaji na mama aliyekuwa na shamba lake la maharagi wote wanaitwa jina moja: mkimbizi. Siku ya kugawa chakula jina hilo nalo linapungua, linabaki jetoni. Asiye na jetoni anaambiwa hayupo, hata kama amesimama mbele ya watu wote na mtoto mgongoni.

Kashuga inajua mambo haya. Hapa katika grupema ya Bashali-Mokoto wakimbizi wa ndani wamepokelewa kwa miaka mingi, na wenyeji wenyewe wamefunga mizigo yao mara nyingi. Mapigano yalifika Mweso mwezi wa kwanza 2024. Mwezi wa kumi mwaka ule ule yakafika Kalembe, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale. Kuna familia zilizokwenda Pinga, nyingine Kitshanga, nyingine mpaka Goma. Na Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, watu wakarudi njiani tena.

Juu ya unga, maturubai na dawa watu wanasema kila siku, na wana haki ya kusema. Lakini kuna swali lingine ambalo halipati mkutano wala ripoti: mtu aliyepoteza nyumba, shamba, mbuzi na kazi, anabaki kuwa nani? Swali hili lisipojibiwa vizuri, wengine wanalijibu vibaya. Kijana anaambiwa kwamba bunduki itampa jina na watu watamwogopa. Mwingine anaambiwa kwamba yeye ni kabila lake tu. Binti anaambiwa thamani yake ni pesa ambayo mwanaume anaweza kuilipa. Ndiyo maana jibu la imani si jambo dogo la siku ya Mungu peke yake.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, kina habari ya mwanamke aliyekimbia. Anaitwa Hajiri, mtumwa kutoka Misri, mjamzito, amefukuzwa na mateso ya nyumbani mwa bwana zake. Anayesoma sura hiyo polepole ataona jambo moja: Sarai na Abramu wanapomzungumzia, hawalitaji jina lake hata mara moja. Kwao ni mjakazi tu. Anayemwita kwa jina ni malaika, tena huko jangwani, kando ya chemchemi. Naye anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Ni swali lile lile linaloulizwa kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi, lakini hapa linaanza na jina. Hajiri naye anampa Mungu jina, kwamba ni Mungu anayeona. Mtumwa aliyekimbia ndiye anayempa Mungu jina katika habari ile.

Mafundisho yanayotoka hapo ni rahisi. Thamani ya mtu haikuja na shamba, kwa hiyo haiondoki na shamba. Aliyepoteza ng'ombe amepoteza mali, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini Mungu aliyemwumba kwa mfano wake hakumwumba mkimbizi, alimwumba mtu. Hata Yesu mwenyewe, kwa habari ya Mathayo, alibebwa usiku akiwa mtoto kukimbilia Misri kwa sababu mfalme alitaka kumwua. Hakuna Mkristo anayesema kwamba siku zile za Misri Yesu alipungua kitu.

Hata hivyo kuna watu wanaoyasikia mafundisho haya na kuyageuza kuwa dawa ya kunyamazisha wenye njaa. Wanasema: kwa kuwa thamani yako iko mbinguni, usidai kitu duniani. Hayo si maneno ya habari ya Hajiri. Katika sura ya 21, maji yanapokwisha na mtoto yuko karibu kufa, Mungu hampi mama huyo maneno matupu. Anamfungua macho aone kisima. Mungu aliyemwita kwa jina ndiye aliyemwonyesha maji. Kanisa likihubiri jina bila kujali maji, limesoma nusu ya habari.

Na kuna mambo ya hapa duniani yanayohusu jina moja kwa moja. Katika nchi yetu kadi ya uchaguzi ndiyo watu wengi wanaitumia kama kitambulisho. Lakini tarehe 20 Desemba 2023 upigaji kura haukufanyika wilayani Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Wengi walibaki na kadi za zamani, au bila kadi kabisa, kwa sababu nyumba ilipochomwa karatasi nazo zilichomwa. Anayefika kwenye barrière bila karatasi anajua uchungu wake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema wazi kwamba mkimbizi wa ndani ana haki ya kutambuliwa popote kama mtu mbele ya sheria, na kupewa tena karatasi alizopoteza. Na sheria ya ulinzi wa mtoto nchini Kongo, ya tarehe 10 Januari 2009, inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Siku hizo zikipita, mambo yanapelekwa tribinali, na huko safari inakuwa ndefu. Mchungaji au katekista anayemwuliza mama, siku ya kuleta mtoto kanisani, kama mtoto ameandikishwa, anafanya kazi ya injili vilevile.

Kuna neno gumu zaidi ambalo waamini wa Masisi na Walikale hawawezi kulikwepa. Kuitwa Mkristo hakukuzuia damu. Mwezi wa tatu 1993 Wahutu waliuawa Ntoto, wilayani Walikale, siku ya soko. Vita vikasambaa mpaka Masisi, Wahunde, Wanyanga na Wahutu wakauana na kuchomeana vijiji. Mwezi wa tano 1996 familia za Watutsi zilizokuwa zimekimbilia kwenye monasteri ya Mokoto, si mbali na Kitshanga, zilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na watawa wenyewe wakalazimika kukimbia. Yote hayo yalitokea mahali ambapo makanisa yalikuwa yamejaa na wengi walikuwa wamebatizwa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mtu anapata jina lake kwa Kristo. Lazima aulizwe: jina hilo linakufanya umwite jirani nani? Kama linakuacha umwite nyoka au mgeni, basi ni kabila lililovaa nguo ya kanisa.

Mfano wa mtu aliyelielewa jambo hili uko karibu, katika jimbo letu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria, akawa mshiriki wa jumuiya ya Sant'Egidio, na huko alijulikana kwa kuwajali watoto wa barabarani, wale ambao mji unawaita maibobo na kuwafukuza kama nzi. Aliwataka wasome. Kisha akapata kazi katika OCC, ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili kupitisha chakula kilichoharibika. Mwezi wa saba mwaka huo alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo.

Wengi wanasema kwamba kila mtu ana bei yake. Floribert alionyesha kwamba si kweli. Na inafaa kuangalia vizuri alikataa kwa ajili ya nani. Chakula kibovu hakiliwi na wakubwa. Kinauzwa kwa bei ya chini, kinaliwa na maskini, pengine hata na familia iliyokimbia vita. Floribert hakuwajua watu hao kwa sura, lakini aliwahesabu kuwa watu. Anayejua kwamba yeye hauzwi hawezi kukubali kuuza afya ya wengine. Somo hili linahusu pia kambi: mwenye kuandika listi anayeweka jina la shangazi yake asiyestahili na kufuta la mjane asiye na mtetezi, anauza mtu kwa mfuko wa unga.

Vivyo hivyo kwa mama na mabinti waliobakwa katika vita hivi. Wapo wanaofukuzwa na waume zao, na wapo wanaonong'onezwa kanisani mpaka wanaacha kuja kusali. Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanza kazi mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, imekuwa ikifundisha njia nyingine. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, aliona kwamba kushona majeraha peke yake hakutoshi. Mwanamke anahitaji pia mtu wa kumsikiliza, mwanasheria, na kazi ya kumsimamisha tena. Aibu ni ya aliyetenda uovu. Maneno hayo yakisemwa mara moja na mchungaji au padri mbele ya watu wote, yanaweza kumrudisha mama mmoja kwenye kwaya yake.

Wapo pia wanaouza jina. Nabii anayemwambia mwenye njaa kwamba anateseka kwa sababu hakutoa sadaka ya kutosha, anachukua kwa mtu kile kidogo ambacho vita viliacha. Anayemwambia kwamba vita ni adhabu ya dhambi zake anamwongezea mzigo ambao Yesu hakuubebesha maskini yeyote.

Kazi inayobaki haihitaji mfadhili. Shirika, kwaya, vikundi vya mama na vya vijana vinaweza kuanza kwa kuwaita waliofika kwa majina yao, na kuwauliza wanajua kufanya nini. Mwalimu aliyekimbia apewe watoto wa kufundisha chini ya mti. Fundi apewe mlango wa kutengeneza. Mama aliyekuwa akiongoza nyimbo kijijini kwake aongoze nyimbo hapa. Kijana apewe jukumu mbele ya watu kabla mwenye bunduki hajampa. Na wenyeji wanapogawana shamba na wageni, wafanye hivyo bila kuuliza kwanza lugha ya nyumbani, kwa sababu kesho wenyeji nao wanaweza kuwa wageni Pinga. Waislamu na wengine wasiosali kanisani wako ndani ya hesabu hiyo, kwa maana Mungu anayeona hakumwuliza Hajiri dini yake.

Siku ya kugawa chakula itakuja tena, na jetoni zitahitajika, kwa sababu bila utaratibu wenye nguvu watachukua vyote. Lakini anayezigawa anaweza kumsalimu mtu kwanza, amwite mama fulani au baba fulani, ndipo aangalie namba. Hilo halichelewi hata dakika moja, na viongozi wa makanisa ya Kashuga wanaweza kulidai kuanzia juma hili.