Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Usiku wa tarehe 23 kuamkia tarehe 24 Aprili, mwaka 2024, mto Mathare ulifurika ukaingia katika nyumba za bondeni. Watu walikufa, na wengine waliokoka kwa kupanda juu ya mapaa. Mwezi wa Mei serikali iliwaamuru waliokaa karibu na mto wahame, na nyumba zilizobaki ukingoni zikabomolewa kwa matingatinga. Wenye nyumba hizo walipata hifadhi mashuleni, makanisani na kwa jamaa zao.

Mtu aliyepoteza kitanda na sufuria hujua alichopoteza, maana aweza kukihesabu. Lakini yuko mwingine ambaye hasara yake haihesabiki upesi. Huyo ni yule aliyekuwa akiwafundisha watoto neno la Mungu siku ya Jumapili katika chumba cha mabati, au akiwatembelea wagonjwa jioni baada ya kazi yake ya mchana. Chumba kimekwenda na watoto wametawanyika. Basi hukaa kimya na kujiuliza kama alidanganyika alipodhani kwamba ameitwa. Hali hiyo ni nzito kuliko umaskini, kwa kuwa maskini mwenye wito hujua la kufanya asubuhi, lakini aliyekata tamaa hajui aamkie nini.

Jambo hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alikuwa katika misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Alikuwa amefika na nguvu za ujana na matumaini makubwa. Badala ya mavuno aliyoyatarajia alikutana na njaa kali ya miaka ya 1928 na 1929. Watu walikufa njiani, hospitali ilikuwa changa, na kazi ya roho ilionekana kama mbegu iliyotupwa juu ya mwamba. Mwezi wa Septemba alikwenda Kampala kupumzika, naye amechoka mwili na moyo.

Huko, juu ya kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya. Nsibambi naye aliyajua masikitiko. Katika ujana wake alitumaini kupelekwa ng'ambo kusoma, na nafasi hiyo ikampita. Ndipo katika huzuni ile alipomtafuta Mungu kwa bidii kuliko alivyokuwa akitafuta elimu. Watu hawa wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, katika siku ambazo wengi waliona haya kukaa pamoja hivyo, walikaa siku mbili wakiisoma Biblia na kuomba. Hakuna aliyejifanya mwalimu wa mwenzake. Kila mmoja alikiri upungufu wake.

Baada ya hapo Church alirudi Gahini. Hapana budi jambo hili lisisitizwe, maana wengi hudhani kwamba anayepata nguvu mpya hupata na mahali papya. Aliikuta hospitali ile ile, wagonjwa wale wale na taabu ile ile. Kilichobadilika ni yeye mwenyewe.

Gahini palikuwa na msaidizi wa hospitali aliyeitwa Yosiya Kinuka. Huyo alikuwa amechoka na kazi, tena ana manung'uniko juu ya wakubwa wake na wenzake, hata akawa karibu kuondoka. Katika mwaka 1931 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Yamkini alitarajia kuonewa huruma. Lakini Nsibambi, badala ya kuhesabu pamoja naye makosa ya hospitali, alimwuliza habari za moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi kazini mtu mwingine. Makarani na watumishi wa leo, ambao huyajua makosa yote ya ofisi isipokuwa ya meza yao wenyewe, wataelewa kwamba dawa hiyo ni chungu.

Kutokana na watu wachache kama hao ulitokea Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1937 ujumbe wao ulifika Kabete, kando ya Nairobi, na kutoka hapo desturi yao ikaenea nchini Kenya: ndugu kukutana kila juma, kuambiana kweli na kuombeana.

Hata hivyo dawa ya Kinuka haifai kila ugonjwa. Kumwambia mama aliyechukuliwa mtoto na mafuriko kwamba aukague moyo wake ni ukatili, wala si imani. Kwake linalofaa kwanza ni chakula, blanketi na mtu wa kulia pamoja naye. Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu hakuhubiriwa. Alipewa mkate na maji, akalala, akala tena. Ndipo baadaye alipoulizwa anafanya nini huko, akarudishwa kazini, na Elisha akawekwa kuwa mwenzake. Aliyechoka apumzike bila kuona haya. Kisha amtafute mwenzake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na baada ya hayo arudi kwenye kazi.

Bonde la Mathare lenyewe linayajua mambo ya kurudi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, vibanda vyake vilibomolewa na wakaaji wakaondolewa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu walikuja tena, wakajenga juu ya mashimo ya machimbo ya mawe kwa mbao, udongo na mabati, nao wakaanzisha shule na makanisa kwa michango yao wenyewe.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hufua koleo jingine, kwa kuwa ufundi haukuwa katika chuma bali katika mikono yake. Kadhalika wito wa mwalimu yule wa Jumapili haukuwa katika chumba cha mabati. Ikiwa watoto wake sasa wako Huruma, Kariobangi na Kayole, basi darasa lake limekuwa kubwa zaidi na miguu yake itachoka zaidi. Amchukue mwenzake mmoja, na Jumapili ijayo wabishe hodi katika mlango mmoja.