Magari ya misuli yalikuwa ya vijana, wenye pesa wameyafungia gereji

Kila shabiki wa magari anaijua ile Dodge Charger nyeusi ya 1970, injini imechomoza juu ya boneti, Vin Diesel akiwa kwenye usukani. Wengi wetu tuliyapenda magari ya Kimarekani kupitia filamu hiyo ya 2001, The Fast and the Furious, tukiitazama kwenye DVD ya shilingi hamsini. Na wengi wetu tukabaki tukidhani kwamba hayo magari ya misuli ni vitu vya mabwanyenye. Mimi napinga.

Gari la misuli lilizaliwa likiwa la mtu asiye na hela nyingi. Mbinu ilikuwa rahisi sana. Unachukua gari la kawaida la familia, lile la kwenda kazini na sokoni, unaling'oa injini na kulipachika ile ya gari kubwa. Ndivyo walivyofanya mainjinia wa Pontiac mwaka wa 1964, mkuu wao akiwa John DeLorean. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza magari ya saizi hiyo kupewa injini kubwa kupita takriban lita 5.4. Jamaa wakatafuta mwanya. Badala ya kutangaza gari jipya, wakaiuza injini ya lita 6.4 kama nyongeza ya hiari kwenye Pontiac LeMans, kwa chini ya dola 300. Wakaipa jina GTO, walilolinyakua kutoka kwa Ferrari bila haya. Mwaka huo wa kwanza waliuza zaidi ya 32,000.

Ford nao walizindua Mustang mnamo Aprili 17, 1964, bei ikianzia dola 2,368. Katika miezi 12 ya kwanza, zaidi ya 400,000 zilikuwa zimenunuliwa. Najua wajuaji watanikosoa hapa: Mustang wanaihesabu katika ukoo wake wa magari madogo ya kispoti. Sawa, lakini ilipowekwa injini kubwa ilisimama na hao wengine bega kwa bega. (Plymouth walikuwa wameleta Barracuda yao wiki mbili kabla ya Mustang. Nani anakumbuka?)

Lakini ukiniuliza mimi, gari lililoielewa hasa roho ya mchezo huu ni Plymouth Road Runner ya 1968. Kufikia wakati huo kampuni zilikuwa zimeanza kuyajaza magari haya madoido, na bei ikapanda hadi kijana wa kiwandani akabaki kuyatazama tu. Plymouth wakafanya kinyume. Wakatoa gari lenye benchi moja refu mbele badala ya viti viwili vya fahari, sakafu ya mpira badala ya zulia, na injini ya lita 6.3 yenye nguvu za farasi 335. Bei: dola 2,896. Kisha wakailipa Warner Bros. dola 50,000 ili watumie jina na picha ya yule ndege wa katuni anayemkimbia Coyote, wakatengeneza na honi inayolia kama yeye, "biip biip". Watu walicheka, halafu wakanunua karibu 45,000 mwaka huo.

Tusidanganyane, yalikuwa na ila zake. Road Runner ya bei hiyo ilikuwa na breki za drum kwenye magurudumu yote manne. Kwenye barabara iliyonyooka ni radi; kwenye kona ni dua. Kampuni za bima ziliona vijana wanavyoumia na zikawapandishia ada hadi ikawa mzigo mzito kuliko mkopo wa gari lenyewe kwa wengine. Ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, kisha uhaba wa mafuta wa 1973, na enzi hiyo ikaisha.

Na kuna jambo ambalo mashabiki hawapendi kulitaja. Magari haya hayakutengenezwa na ndoto. Katika kiwanda cha Dodge Main pale Hamtramck, mji unaojitegemea uliozungukwa na Detroit karibu pande zote, wafanyakazi waligoma Mei 1968 kwa sababu laini ya uzalishaji ilikuwa inaharakishwa kupita uwezo wa binadamu. Ni kutokana na mgomo huo ambapo wafanyakazi Weusi walianzisha vuguvugu lao la DRUM, wakipinga kupewa kazi mbaya zaidi na kuwa wa kwanza kufutwa. Ukiona Challenger ya 1970 inang'aa mnadani, kumbuka kwamba nyingi zilitoka mikononi mwa watu wa kiwanda hicho.

Minada ndiyo inayoniudhi. Chukua ile Mustang ya kijani aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968. Mwaka wa 1974 familia moja ya kawaida ya New Jersey iliinunua kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jarida. Mke alikuwa mwalimu, akawa anaiendesha kwenda shuleni. Mwaka wa 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akiomba auziwe. Wakakataa! Waliendelea kuitumia hadi klachi ikafa karibu mwaka wa 1980, ikaegeshwa. Januari 2020 ikauzwa Florida kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Siwaonei gere, pesa ni pesa. Ila hakuna mwalimu atakayeiendesha tena kwenda kufundisha darasa la tatu.

Hapa kwetu hata ukizipata hizo hela, kanuni za kuagiza magari zinataka mtumba usiozidi miaka minane, na usukani uwe upande wa kulia. Kwa hivyo Road Runner sahau. Lakini tazama kijana aliyejinyima hadi akanunua Subaru kuukuu, kisha kila mwisho wa mwezi anampelekea makanika kibunda kingine: leo turbo, kesho ekzosi. Majirani wanamlaani usiku, na wana haki. Ila mbinu yake ni ileile ya Pontiac: gari la familia, injini yenye hasira. Huyo naona ana undugu zaidi na wale vijana wa Detroit kuliko mkusanyaji mwenye magari 40 chini ya shuka.

Dodge waliacha kuunda Challenger na Charger za V8 Desemba 2023. Charger ya umeme iliyofuata ilianza kuuzwa kwa karibu dola 60,000, na kwa kuwa mota yake haingurumi, imewekewa mfumo wa spika za kutoa mngurumo. Ina kasi ya ajabu, sikatai. Ila mngurumo wa kuigiza kwa bei hiyo, wacha ninyamaze. Mimi nipeni Road Runner yenye kutu na benchi iliyochanika, mradi honi inalia.