Majuma Mawili ya Mwisho: Kupumzika Nako Ni Kazi

Ndugu mufanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana wa kampu,

Kuna ugonjwa mumoja ambao munganga hawezi kuuona kwa sindano. Unamushika mutu aliyejitayarisha miezi mingi kwa mashindano makubwa, wakati zimebaki siku 14 tu. Hofu inaingia ndani ya moyo. Anajiuliza: «Nimefanya ya kutosha? Fulani alikimbia jana saa tatu, mimi saa mbili tu.» Basi anaamka usiku, anavaa viatu, anakwenda kujiongezea muzigo. Anafikiri anajenga. Kwa kweli anabomoa.

Leo tunazungumza juu ya triatloni ya masafa marefu. Ni mashindano ya siku moja: mutu anaogelea kilometa 3.8, anapanda kinga (ni kusema baiskeli) kilometa 180, kisha anakimbia kilometa 42.2. Yamefanywa miaka mingi kule Afrika ya Kusini, ndani ya muji wa Gqeberha, ambao zamani uliitwa Port Elizabeth. Vijana wetu wenye miguu ya nguvu wanaanza kuyaota. Hatuwakatazi. Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya, na maoni yetu ni haya: mutu asiyeweza kupumzika majuma mawili ya mwisho, heri asiende. Na anayefanya kazi ya mugodi anapashwa kulishika neno hilo mara mbili, kwa sababu yeye habebi muzigo mumoja, anabeba miwili.

Yalianza namna gani

Tarehe 18 Februari 1978, kwenye kisiwa cha Oahu, inchi ya Hawaii, wanaume 15 waliingia majini asubuhi. Mashindano hayo yalitokana na wazo la ofisa mumoja wa jeshi la maji la Marekani, John Collins. Walifika mwisho watu 12. Wa kwanza alikuwa Gordon Haller, kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Lakini angalia aliyekuwa wa pili, John Dunbar. Alianza kukimbia akiwa mbele ya wote. Wakati ule kila mutu alifuatwa na watu wake mwenyewe wa kumupa chakula na maji. Njiani, maji ya ekipe ya Dunbar yalikwisha, nao wakamupa bia. Haller akamupita. Dunbar hakukosa miguu wala moyo. Alikosa kitu kidogo ambacho mutu anakipanga mezani, kwa karatasi na kalamu, siku nyingi mbele. Majuma ya mwisho ni ya kupanga vitu vya namna hiyo, si ya kuongeza kilometa.

Mwili unajengwa wakati wa kulala

Mazoezi yanauchosha mwili na kuupasua kidogo kidogo. Kupumzika ndiko kunakoushona tena, ukawa na nguvu kupita mbele. Mwaka 2007 wachunguzi walikusanya masomo 27 yaliyofanywa juu ya watu wa kuogelea, wa mbio na wa kinga. Waliona faida kubwa inapatikana kwa mutu anayepunguza muda wa mazoezi kwa majuma mawili, akitoa kati ya 41 na 60 kwa mia. Lakini hakupunguza hesabu ya mara anazotoka, wala hakupunguza ukali wa mwendo.

Tuseme juma lako la nguvu lilikuwa la saa 12. Juma la kwanza la kupunguza, fanya saa 8. Juma la mwisho, saa 5. Kama ulikuwa unatoka mara sita, toka mara sita vilevile, lakini urudi upesi. Ndani ya kila zoezi weka dakika chache za mwendo ule wa mashindano, kusudi miguu isisahau. Kilometa nyingi ziache. Zile ulizokwisha kufanya ziko akiba ndani ya mwili, na majuma mawili hayatakunyanganya.

Utasikia mambo ya ajabu. Miguu itakuwa mizito. Utaongeza kilo moja ao mbili, kwa sababu misuli inaweka akiba ya chakula pamoja na maji. Utaona maumivu madogo ambayo hayakuwako. Usiogope. Mashini iliyosimamishwa kusudi itengenezwe haijafa.

Mimi ninayeandika nilianguka ndani ya kosa hilo. Zamani nilijitayarisha kwa mbio za kilometa 42. Siku nne mbele, hofu ilinishika, nikakimbia kilometa 30 peke yangu kusudi nijiamini. Siku ya mbio, kwenye kilometa ya 25, miguu ilikataa. Hiyo haikuwa kitu. Kitu ni kwamba siku tatu nyuma, kazini, nilikosa kukanyaga ngazi kwa sababu ya kuchoka, na mwenzangu aliyekuwa chini ndiye aliyenishika. Medali gani ingemulipa yule mwenzangu kama ningemuangukia?

Muzigo wa pili: posti yako

Vitabu vya triatloni vinaandikwa kwa watu wanaokaa ofisini. Havisemi neno juu ya mutu anayetoka posti ya usiku, masikio yakiwa bado na kelele ya mashini. Lakini mwili hauna daftari mbili, moja ya kazi na moja ya muchezo. Uchovu wote unaandikwa ndani ya daftari moja.

Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia walionyesha kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 anafanya makosa sawa na mutu mwenye pombe ya 0.05 kwa mia ndani ya damu. Hesabu mwenyewe. Umeamka saa kumi na mbili asubuhi ukapanda kinga. Muchana hukulala. Saa ine usiku umeingia kazini. Ilipofika saa tano ya usiku, saa 17 zilikwisha kupita, na posti bado ndefu. Shefu wako hangekuachilia ushike gari kubwa ukiwa umelewa. Kwa nini wewe unajiachilia?

Kwa hiyo, majuma hayo mawili, fuata sheria hii: kama usingizi na mazoezi vinagombana, usingizi ushinde. Ukitoka posti ya usiku, lala kwanza. Kama unaweza kupata konji, usiweke siku zote nyuma ya mashindano. Chukua siku kadhaa mbele yake. Na ninyi mashefu wa ekipe, mutu akiwaambia miezi miwili mbele, angalieni kama anaweza kubadilisha posti na mwenzake. Ni faida ya kazi vilevile.

Maji hayana urafiki

Sehemu fupi kuliko zote ndiyo inayoua zaidi. Kule Marekani walihesabu watu waliokufa ao ambao moyo ulisimama ndani ya triatloni, tangu 1985 mpaka 2016. Walipata 135. Kati yao, 90 walipatwa majini.

Basi, mbele ya majuma ya mwisho, kwenda kwa munganga akusikilize moyo na kukupima damu. Kama kifua kinakubana ukikimbia, ao uliwahi kuzimia, ao ndani ya jamaa yenu kuna mutu aliyekufa gafula akiwa kijana, umuambie. Usifiche, sababu yeye si mwamuzi wa kukutoa, ni mulinzi wako.

Usiogelee peke yako hata siku moja. Katika maziwa na mito ya kwetu kuna mamba, na kuna bilharzia ndani ya maji yanayosimama. Uliza wenyeji, tafuta pisini kama iko, weka mutu pembeni anayekuangalia. Ukiona damu ndani ya mukojo, kwenda hospitali, dawa iko.

Na malaria? Homa ikikushika juma la mwisho, mashindano yako yamekwisha. Tunajua neno hilo ni chungu kwa mutu aliyelipa pesa na kuamka usiku mwaka muzima. Lakini mwili wenye homa unaotiwa jotoni saa 12 ao 15 unaweza kuharibika kabisa. Mashindano yatarudi mwaka kesho. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata ule wa mwisho ulio mbali na nyumbani.

Kula ulichozoea, kunywa kwa akili

Mwezi wa Februari 1982, kule Hawaii, musichana mwanafunzi Julie Moss alikuwa mbele ya wanawake wote, mwisho ukiwa karibu. Nguvu zikamwishia. Alianguka, akasimama, akaanguka tena. Kathleen McCartney akamupita, na Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka mustari, sekunde 29 nyuma. Watu wengi walilia walipomuona kwenye televizio, na muchezo huu ukajulikana dunia nzima. Tunamusifu kwa moyo wake. Lakini sisi wa usalama tunasema: usipange kutambaa. Panga chakula.

Siku mbili za mwisho, ongeza vyakula vya nguvu: bukari, wali, viazi vitamu, ndizi, mukate. Siku ya mwisho kabisa punguza sombe, maharagwe na mafuta, kwa sababu vinakawia tumboni. Usijaribu kitu kipya: si chakula cha hoteli, si dawa ya rafiki, si viatu vilivyonunuliwa jana. Utakachokula juu ya kinga siku ile, uwe umekwisha kukila mara nyingi juu ya kinga.

Juu ya maji kuna makosa mawili. Moja ni kukosa, kama Dunbar. La pili ni kuzidisha. Mutu anayejaza tumbo maji matupu siku nzima anapunguza chumvi ndani ya damu. Kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wako waliokufa. Fuata kiu yako, na chumvi iwemo ndani ya chakula ao kinywaji. Ninyi wa chini ya ardhi ao wa kwenye tanuru munalijua neno hili kuliko wengi: jasho ni maji pamoja na chumvi.

Angalia kinga kama unavyoangalia mashini

Hakuna anayeshuka kazini bila kuangalia taa na kaske. Fanya hivyo kwa kinga yako. Siku kumi mbele, angalia freni, minyororo, matairi, sipoki. Badilisha kilichochakaa sasa, kusudi upate nafasi ya kukijaribu, usingoje usiku wa mwisho. Vaa kaske kila mara, hata kwa kilometa mbili. Barabara zetu zina malori yaliyobeba madini. Usipande kinga gizani bila taa.

Kwa mama wa nyumba

Mama, majuma hayo mawili utamuona bwana amelala muchana, ao amekaa mbele ya mulango hana la kufanya. Atakasirika upesi, sababu ya hofu. Usimwite muvivu. Na kama ni wewe mama ndiye unayejitayarisha, basi baba na watoto wachukue ndoo na ufagio bila kungoja kuambiwa. Umwambie anayejitayarisha alale. Na kama ana homa naye anaificha, wewe ndiye utakayeijua wa kwanza. Sema kwa nguvu.

Lakini nawe bwana, kumbuka: miezi yote hiyo nyumba ilikungoja. Saa 7 ulizozipata kwa kupunguza mazoezi, si zote za usingizi. Moja ao mbili ni za watoto.

Neno la mwisho

Wako watakaosema: «Mutu wa mugodi ni wa nguvu, kupumzika ni kwa watu wa ofisi.» Hapana. Mutu wa mugodi ndiye anayejua kwamba nguzo inayobeba mulima inachunguliwa kila siku, na ikionyesha ufa, kazi inasimama. Hakuna anayesema nguzo ile ni mvivu.

Ndugu, mustari wa mwisho wa mashindano hauko Hawaii wala Gqeberha. Uko kwenye mulango wa nyumba yako, pale unaporudi muzima, na siku ya kazi unapoingia posti ukiwa na macho ya kuona na mikono ya kushika. Kazi ya miezi umekwisha kuifanya. Sasa weka viatu pembeni, zima taa, ulale.