Mainjinia wa Singida, hiyo lanchi yenu na sisi tunaitaka

Wadau, leo siongelei ndoa ya mtu. Najua mmezoea nikifungua mdomo ni nani kaachana na nani, ila leo nimekuja na habari ya lanchi. Lanchi ya mainjinia. Msicheke, subirini kwanza.

Hapa Singida mjini kuna kikundi cha mainjinia wanaokutana mchana, Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, kwenye chumba cha nyuma cha gesti moja upande wa Ziwa Singidani. Simtaji mtu, na gesti siitaji. Ni watu kama ishirini hivi: wa maji, wa barabara, wa umeme, wachache waliokuja na kazi za reli kule Manyoni au bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, na wazee wawili watatu waliostaafu ila hawakubali. Nilipelekwa na rafiki yangu ambaye ni wa umeme. Alinialika kwa sababu ya kuku, na mimi nilikubali kwa sababu ya umbea.

Saa saba kamili chakula mezani. Kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda. Kuhusu kuku wa Singida sina haja ya kueleza, mabasi yote ya Mwanza yanawajua. Nusu saa ya kwanza hakuna uinjinia hata kidogo. Katibu anasimama na daftari: nani kafiwa, nani anaozesha, nani kahamishiwa Katavi na anatafuta mpangaji wa nyumba yake, mtoto wa nani kapata chuo. Michango inasomwa kwa majina, na ambaye hajatoa anatajwa pia, taratibu, kwa lile tabasamu la kuua. Kuna mmoja ana deni la harusi ya mwaka juzi. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Halafu sahani zinaondolewa, mtu mmoja anasimama kuongea nusu saa, na saa nane wote wanarudi ofisini. Kumbe wameshaongea mengi mle ndani: udongo wa mbuga unaopasua kuta za madarasa, upepo wetu huu ambao kwa zaidi ya miaka kumi tunaambiwa utatupa umeme, ile njia ya kilovolti 400 inayotoka hapa kwenda Namanga.

Siku niliyoenda mimi alisimama dada mmoja wa maji. Aliweka glasi mbili mezani, zote maji meupe kabisa. Akamwomba jamaa aliyekaa jirani yangu aonje aseme yapi mabaya. Jamaa akaonja, akarudia, akasema yote matamu. Dada akasema glasi ya kushoto ina floraidi zaidi ya mara nne ya kiwango.

Naandika nilivyoelewa. Huku kwetu maji ya chini yanakaa muda mrefu kwenye miamba, na miamba yenyewe ina floraidi, basi inayeyuka humo kidogo kidogo. Hainuki, haina ladha, haina rangi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, kwa sababu kuna sehemu ukiyakataa hayo huna maji mengine. Siku hizi na sisi tunasema 1.5. Mtoto akinywa maji yenye nyingi kabla hajafika miaka minane hivi, meno ya ukubwani yanatoka na madoa tayari, maana yameharibika yakiwa bado yanatengenezeka ndani ya fizi. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, inahamia kwenye mifupa. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale.

Kisha akanyoosha kidole kwenye bakuli la mlenda, akasema hata magadi tunayotia humo mara nyingi yana floraidi. Chumba kizima kikanyamaza, mzee mmoja akasukuma bakuli.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mimi nilipoacha kuandika.

Mimi nimekulia upande wa Iramba na meno yangu ni ya kahawia. Wanaonijua wanajua kwa nini picha zangu zote nimefunga mdomo. Mama alikuwa ananipigisha mswaki kwa majivu, kwa mkaa, kwa chumvi, na yalipokataa kuwa meupe alinichapa, kwa kuwa aliamini namdanganya, kwamba sisugui. Nilipokwenda kusoma Dar, bwenini waliniuliza kama nilianza kubwia ugoro nikiwa darasa la pili. Kuna staa mmoja, asili yake ni huku kwetu, simtaji na yeye, sasa hivi meno yake yanang'aa kama vigae vya bafuni. Watu walimsema sana kwamba kaikimbia asili, kajiona, kajibadili. Na mimi nilimsema, nakiri. Lakini nani alimwambia yule kaka kwamba hakuwa mchafu? Nani alimwambia mama yangu? Nimechapwa miaka mitatu kwa kosa la kisima, jamani. Nimelijua hilo nina miaka thelathini na nne, nikiwa na paja la kuku mkononi.

Dada wa maji hakuishia kwenye ubaya. Alieleza mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inayochomwa kwenye tanuru kwa kipimo na kuwekwa kwenye ndoo kama chujio, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimeifanya kwa miaka mingi. Alieleza shabu na chokaa. Alieleza kuchanganya maji ya visima viwili, kibaya na kizuri, mpaka kipimo kishuke. Na akasema kwa mtoto mdogo maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye bati ni dawa nzuri kuliko vyote, hata kama ni ndoo moja tu ya kunywa, mengine ya kufulia yatoke popote. Ndoo moja tu! Kitu ambacho mama yangu angekiweza bila mradi wala mfadhili.

Mwisho akataja kwamba moja ya zile glasi mbili imetoka kwenye kisima kinachotumika mpaka leo. Nikanyoosha mkono nikauliza, watu wa hapo wanajua? Akanyamaza kidogo. Akasema taarifa ilishaandikwa, iko kwenye faili. Ofisi gani, sitasema, na wala hakusema kwa kujivuna. Alisema kama mtu aliyeandika na akachoka kusubiri.

Ugomvi wangu uko hapo. Kwenye daftari la michango wanaongea Kiswahili, wanataniana Kinyaturu na Kinyiramba mpaka machozi. Ikifika zamu ya mzungumzaji, ghafla tunahamia Kiingereza, slaidi ukutani, na mimi nimepata haya niliyoyaandika kwa sababu rafiki yangu alininong'oneza. Wote mle ndani wanaongea Kiswahili! Rafiki yangu ananiambia ni mazoea ya taaluma, kwamba Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawataka waendelee kujifunza kazini, na Kiingereza ndicho walichosomea. Sawa. Ila nauliza, habari ya kisima inamhusu nani zaidi, injinia mwenzako au mama anayechota?

Nilipotoka na hasira zangu mzee mmoja mstaafu alinifuata mpaka kwenye gari. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, unataka tufungue mlango. Unajua tunaongea nini humu? Tunaongea makosa yetu." Akanisimulia kalavati aliyoichora akiwa kijana, aliyopima kwa mvua za miaka michache tu, ikasombwa msimu wa tatu. Alilisimulia kosa hilo mle ndani mbele ya vijana, nao wakajifunza. "Akikaa mwandishi pale, au diwani, nitalisema tena?" Sikuwa na jibu. Na bado nadhani ana haki. Sehemu ambayo mtu mzima anaweza kusema nilikosea bila kurekodiwa ni adimu kuliko kuku, na mimi kwa kazi yangu ndiye wa kwanza kuiharibu.

Kwa hiyo sisemi wavunje mlango. Wabaki na Alhamisi zao. Nasema moja kati ya nne wairudishe kwetu: Kiswahili, hakuna slaidi, glasi mezani kama alivyofanya yule dada, na walete mafundi, watendaji wa vijiji, walimu, mama lishe. Chakula tutachangia, daftari si lipo. Na katibu akishamaliza misiba na harusi aongeze ukurasa mmoja: kisima fulani kipimo hiki, daraja fulani lisipitwe na lori mpaka lirekebishwe. Hiyo ni habari ya jamii kama msiba ulivyo habari ya jamii. Tena kipimo cha kisima kiandikwe kwa rangi palepale kwenye pampu, herufi kubwa. Tunachora namba za nyumba, tunachora X za barabara, tunashindwaje namba moja ya maji?

Na wasione aibu kwamba yanaanza na umbea na chakula. Chama kikubwa cha wahandisi wa ujenzi cha Uingereza kilianza tarehe 2 Januari 1818 kwenye mgahawa wa kahawa mtaa wa Fleet, London, vijana wachache tu mezani. Miaka miwili baadaye wakapata rais wao wa kwanza, Thomas Telford, mtu wa madaraja na mifereji. Telford alianza maisha kama fundi mwashi, anachonga mawe. Leo fundi mwashi wa Singida akipita pale gestini atadhaniwa kaja kurekebisha choo.

Nimempigia mama. Nilidhani atalia, au mimi nitalia. Akakaa kimya halafu akasema, "Kumbe." Kisha akaniuliza kama wajukuu wake nao wanywe ya mvua, nikamwambia ndiyo, akasema basi anunuliwe simtanki, tena kubwa, na gata. Msamaha hakuomba, na mimi sikuutaka. Simtanki ndiyo lugha yake.

Alhamisi inayofuata naenda tena. Yule dada amekubali kunipimia maji ya kijijini kwetu, kasema nilete kwenye chupa safi ya plastiki, nisuuze kwanza kwa maji hayohayo. Mama kaijaza mwenyewe kisimani, kaifunga na kipande cha nailoni juu ya mfuniko, kampa kondakta. Iko hapa mezani pangu ninapoandika, na ukiitazama huwezi kuidhania kitu. Kanituma pia niulize ile harusi iliyosomwa kwenye daftari ni ya ukoo gani, asije akawa na yeye anadaiwa mchango.