A1 Si Barabara ya Malori Peke Yake

Novemba 2025 Rais William Ruto alilihutubia Bunge akatangaza kwamba serikali yake inakusudia kupanua kilomita 2,500 za barabara kuu ziwe na njia mbili kila upande, na kutia lami kilomita nyingine 28,000. Tangu hapo kila eneo la nchi linadai fungu lake, nasi wa Nyanza Kusini tunadai letu. Ni haki yetu. Tunalipa kodi kama wengine, na barabara yetu ya A1 si uchochoro. Lakini jambo hili lazima lisemwe mapema, kabla ramani hazijachorwa na kandarasi hazijagawanywa: mpango wa miaka mingi ijayo ukiitazama A1 kwa jicho la dereva wa trela peke yake, ukamsahau mama anayeivuka na beseni la omena kichwani, tutakuwa tumekopa mabilioni kuharakisha mazishi yetu wenyewe.

A1 inaanzia mpakani Isebania, inapita Migori, Uriri, Awendo na Rongo, inakatiza Kisii, inaingia Homa Bay kwa Oyugis na Kabondo, kisha inateremka Sondu hadi Ahero. Mbele zaidi inakwenda Kitale na Lodwar hadi mpaka wa Sudan Kusini. Upande wa Tanzania inaungana na ile ya Sirari, Musoma na Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliitambua kitambo kuwa mojawapo ya shoroba zake kuu, kutoka Biharamulo hadi Lokichogio. Na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria. Lori lililokuwa likipanga foleni kungoja kivuko sasa linavuka kwa dakika chache. Shehena ya Geita na Kagera, na hata ya Rwanda na Burundi, haina tena maji ya kusubiri kabla ya kufika Sirari.

Wenzetu wamefanya kazi yao. Je, magari hayo yakishavuka mpaka yanaingia wapi? Yanaingia katikati ya mji wa Migori, kwenye lami ileile ambayo mtoto wa shule huitumia kwenda darasani, bodaboda hubeba abiria watatu, na mkokoteni wa mitungi ya maji husukumwa kukabili magari kwa sababu pembeni hapapitiki.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Kilomita 172 kati ya Isebania na Ahero zilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na anayekumbuka mashimo ya zamani hawezi kubeza kazi hiyo. Ninachokataa ni fikra kwamba barabara ikishakuwa laini basi imekamilika. Ulaini huongeza kasi. Kasi ikiongezwa mahali ambapo watu huuza, huvuka, hungoja matatu na kuchota maji, kinachofuata kinajulikana. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko mengine yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Hao hawakuwa na gari la kuendesha vibaya. Walikuwa wakitembea.

Twendeni Awendo usiku. Trekta moja huvuta trela mbili za miwa, mzigo umefungwa kwa minyororo na kuchomoza kila upande kama nywele zisizochanwa, na nyuma hakuna taa, hakuna hata kipande cha kiakisi. Likiharibika mlimani, dereva hushuka, hukata matawi ya mti ulio karibu na kuyatandaza barabarani hatua chache nyuma ya trela. Hayo matawi ndiyo onyo pekee. Kila anayesafiri njia hiyo ameyaona, na kuna familia nyingi zilizozika watu kwa sababu hayakuonekana kwa wakati. Kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kusaga miwa mwaka 1979. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji kwa miaka 30. Kwa hiyo serikali yenyewe imekubali kwa mkataba kwamba miwa itasafirishwa hapa hadi miaka ya 2050! Iko wapi njia ya pembeni ya matrekta? Kiko wapi kipengele kinachomlazimu mwenye kiwanda kutia taa kila trela linaloingia langoni mwake? Mwekezaji amepewa uhakika wa miaka thelathini, na anayetembea Awendo hana uhakika wa kufika nyumbani jioni.

Kisha nendeni Kosele, upande wa Kabondo, mkaone viazi vitamu vilivyopangwa mafungu kando ya lami. Mama anayeviuza hukaa hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu. Maafisa humwita mkaidi na kumwamuru aondoke kwenye hifadhi ya barabara. Mimi namwita mfanyabiashara anayejua mteja wake yuko wapi. Mteja wake yuko ndani ya matatu, ana nusu dakika ya kununua, na hatapanda mlima kwenda sokoni kutafuta kiazi. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, trela liliwavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara, likaua zaidi ya watu 50. Nchi ikalia, kisha ikaamriwa wachuuzi wahamishwe. Kuhamishwa wapi? Ukimfukuza bila kumjengea, kesho yuko palepale, maana ada ya shule haikuhamishwa. Dawa inajulikana: sehemu ya magari kutoka barabarani na kusimama salama, vibanda vyenye kivuli na maji nyuma ya kizuizi imara, na kivuko kilichoinuliwa ili lori lilazimike kupunguza mwendo. Haya ni ya kuchorwa tangu mwanzo. Yakiongezwa baada ya msiba huwa ni matuta mawili yasiyopakwa rangi.

Kwa nini hayachorwi? Kwa sababu yanaangukia mahali pasipo na mwenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kitaifa barabara kuu na kuziachia kaunti barabara zao pamoja na masoko. Lami ya Oyugis ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA). Soko la Oyugis ni la kaunti ya Homa Bay. Basi mtaro ulio kati ya lami na soko ni wa nani? Ukiziba kwa takataka, maji hupanda barabarani, ukingo wa lami humomonyoka, na kila ofisi huelekeza kidole kwa nyingine. Mpango wowote wa muda mrefu ambao hautawafunga KeNHA na magavana Ochilo Ayacko wa Migori na Gladys Wanga wa Homa Bay, pamoja na watakaowarithi, kwa mkataba mmoja unaotaja nani anazoa, nani anazibua, nani anawasha taa, utatuachia mtaro uleule uliojaa.

Na tusidanganywe kwamba kosa la mchoro ni dogo na litarekebishwa baadaye. Homa Bay inajua gharama yake kuliko kaunti nyingi. Mapema miaka ya 1980 kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na Mbita kwa tuta la mawe na udongo lililoziba mlango wa maji. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu, kwani mgonjwa sasa aliweza kuvuka bila mtumbwi. Lakini maji yaliyokuwa yakipita hapo kati ya ziwa kuu na ghuba yalikatwa. Wavuvi walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maji yametuama na samaki wamepungua. Daraja la kuyaacha maji yapite lilikamilika mwaka 2017. Zaidi ya miaka thelathini! Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa na kuolewa kabla ya kosa lile kusahihishwa. Aliyechora tuta lile alitazama gari linalovuka, hakutazama kilichokuwa chini yake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba maji yawe sura ya kwanza katika mpango wa A1. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya 1964, na mafuriko ya 2024 bado hayajasahaulika. Mto Kuja hufurika na kuwahamisha watu wa Nyatike mara kwa mara. Kalvati zikipimwa kwa mvua ya zamani, zitasombwa na mvua ya sasa.

Fedha nazo zina kisa chao. Sheria ya mwaka 1993 iliunda ushuru wa mafuta kwa kazi moja: kudumisha barabara. Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Anayenunua mafuta ya bodaboda Rongo anaulipa, na mwenye mashine ya kusaga Ndhiwa anaulipa pia. Lakini mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 za kila lita ili ipate takriban shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi madeni ya zamani. Wakandarasi walifanya kazi na wanastahili malipo yao, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na waliotia saini kandarasi nyingi kuliko fedha zilizokuwapo, halafu wakachukua fedha za kuziba mashimo ya kesho kulipia ahadi za jukwaani za jana. Kile kilichobaki wabunge na magavana wamekigombania hadi mahakamani. Wakati huo nyufa za lami hazisubiri hukumu.

Na malori yanaendelea kuponda. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa lugha ya gereji: ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibeba 12, madhara yake huwa kama mara mbili. Tani mbili za faida ya tajiri mmoja zinakula nusu ya umri wa barabara ya watu milioni 2.2 wa kaunti hizi mbili. Mizani ya A1 isipofanya kazi usiku na mchana, bila bahasha na bila simu kutoka juu, kupanua barabara ni kupanua hasara.

Kuna watakaoniuliza kama basi nakataa upanuzi. Sikatai. Nataka malori yatolewe katikati ya miji kwa barabara za mchepuko Migori, Rongo na Oyugis, na nataka ardhi yake itengwe sasa. Najua wafanyabiashara wanaogopa kwamba magari yakihama, wateja watahama nayo. Hofu hiyo ni halali, lakini mteja wa soko la Migori ni mtu wa Suna, Nyatike na Kuria, si trela linalopita bila kusimama. Hofu yangu mimi ni nyingine. Ramani ikivuja kwa wachache kabla ya kutangazwa, hao wachache watakwenda kwa wajane na wazee, watanunua mashamba kwa bei ya hasara, kisha watapanga foleni ya fidia. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaagiza fidia ya haki, kamili na ya haraka. Wa kulipwa ni aliyelilima shamba, si aliyeliona kwenye ramani ya siri. Njia ya kuzuia wizi huo ni moja: ramani ibandikwe kwenye kila ofisi ya chifu siku ileile inapokabidhiwa wakubwa.

Wala ushoroba huu usiishie kwenye A1. Samaki wa Homa Bay hufika Rongo kwa kupitia Rodi Kopany. Samaki wa Muhuru Bay na Karungu wana njia ndefu zaidi, na mbuta akichelewa saa tatu juani bei yake hushuka na anayekula hasara ni mvuvi. Vivuko na gati za Mbita na Homa Bay ni sehemu ya mpango huohuo, kwa sababu tani inayosafiri kwa maji ni tani isiyoponda lami.

Safari hii hatuna kisingizio cha kukosa mtu mezani. Waziri wa Fedha, John Mbadi, ni mtoto wa Suba. Junet Mohamed wa Suna Mashariki anaongoza wachache katika Bunge la Kitaifa. Kaunti hizi mbili zina wabunge 16 wa maeneobunge. Watumeni kazi hii kabla kampeni za 2027 hazijawameza: vikao vya umma vifanyike sokoni Awendo, Oyugis na Isebania, kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili, si katika hoteli ya Kisumu ambako nauli peke yake humfungia nje muuza viazi. Waziri Mbadi, bajeti ijayo itakaposomwa, tunataka kuona ndani yake fungu la kudumisha A1 lisilogusika, njia za waendao kwa miguu kutoka Isebania hadi Sondu, na trela za miwa zenye taa.